Samaki na saladi kwenye baridi ya Uyole: shajara ya mradi

Mei, mwanzoni

Mradi wenyewe ni samaki na mboga za majani kwenye ua wa nyuma, hapa Uyole, Mbeya, mita kama 1,800 juu ya usawa wa bahari. Eneo ni lile lililosakafiwa kati ya jiko la nje na ukuta wa jirani, ambalo haliwezi kuota kitu. Naanza mifumo miwili kwa pamoja. Mmoja ni akwaponiki: tenki la samaki chini, kitanda cha kokoto chenye mboga juu yake, na pampu ya kupandisha maji. Uchafu wa samaki unageuka mbolea, mboga zinaula, maji yanarudi tenkini yakiwa safi. Wa pili ni haidroponiki ya makasha. Huo hauna samaki wala pampu, ni mche tu unaoning'iniza mizizi kwenye maji yenye mbolea.

Ukitamka haidroponiki mtaani kwetu, watu wanaelewa kitu kimoja: mahindi au shayiri zinazooteshwa kwenye trei kwa wiki moja kwa ajili ya kulisha kuku na ng'ombe. Jirani aliponiona nashusha mabomba akauliza kuku nimewaweka wapi. Nikamwambia ni saladi.

"Saladi bila udongo? Na udongo wote huu wa Uyole tuliopewa na Mungu?"

Hoja yake ina uzito. Udongo wa hapa ni wa volkano, viazi vinaota bila kubembelezwa. Lakini udongo huo hauko juu ya sakafu yangu, na kuanzia Juni mpaka Oktoba hakuna mvua. Akwaponiki inatumia maji yaleyale yakizunguka, unaongeza yale tu yaliyopotea kwa jua na majani. Na samaki wabichi wa kwetu huwa wamesafiri juu ya barafu kutoka mbali.

Kinachonisumbua ni kwamba karibu kila mwongozo niliosoma umeandikwa na mtu wa nchi ya joto. Wanasema maji yawe nyuzi 26, wanahamia sura inayofuata. Hapa usiku wa Juni na Julai hewa inashuka chini ya nyuzi 10. Kwa hiyo shajara hii itakuwa ya baridi kuliko ya samaki.

Mei, katikati. Tenki

Nimepata tenki la plastiki la lita 1,000 lenye fremu ya chuma, yale yanayoletea viwanda malighafi za maji. Wauzaji wanayapanga barabarani na yote yanaoshwa yakang'aa, kwa hiyo macho hayasaidii. La muhimu ni lilibeba nini. Kibandiko cha asili kikiwa kimebanduliwa, liache. Langu kibandiko kipo: sharubati ya glukosi, ya chakula. Lililobeba dawa za shambani, rangi au mafuta huwezi kuliosha likafaa samaki, maana plastiki inanyonya.

Fundi amelikata juu. Sentimita 30 za juu, zikipinduliwa, ndizo kitanda cha mboga. Eneo lake ni kama mita moja na robo za mraba. Sehemu ya chini ndiyo tenki, nalo nitalijaza lita 650. Uwiano wa kawaida kwa anayeanza ni kitanda kisizidi ujazo wa tenki, na kina cha kokoto kiwe kama sentimita 30 ili mizizi na bakteria wapate nafasi.

Plastiki nyeupe inapitisha mwanga, na mwanga kwenye maji yenye mbolea unazaa mwani. Nimelipaka rangi nyeusi. Kuzunguka tenki nimepanga viroba vilivyojazwa pumba za mpunga, ambazo mashine za kukoboa zinatafuta tu mtu wa kuziondoa. Pumba zikiwa kavu zinashika hewa na kuzuia joto lisitoke. Zikilowa hazina maana, kwa hiyo juu yake kuna nailoni.

Mei, mwishoni. Mawe

Hapa Mbeya inampendelea mtu. Vitabu vinapendekeza vidonge vya udongo uliochomwa, vinavyoagizwa nje kwa bei ya kuchekesha. Sisi tumekalia majivu na mawe ya volkano za Rungwe na Ngozi. Ukipita njia zilizochongwa milimani unaona tabaka la mawe mepesi yenye matundu, yale wanayosugulia visigino. Jiwe la namna hiyo ni jepesi, halibadilishi maji, na matundu yake ni makazi ya bakteria. Kwa kitanda kinachokaa juu ya fremu, wepesi ni jambo kubwa: lita 300 za kokoto za kawaida zinakaribia nusu tani.

Kasoro zake ni mbili. Yana vumbi, yanahitaji kuoshwa mpaka mkono uchoke. Na mengine yanaelea. Niliyaloweka kwenye mapipa. Yaliyozama yameingia kitandani, yaliyoendelea kuelea yamekwenda kwenye maua.

Kabla ya kumwaga jiwe lolote kitandani, lidondoshee siki. Likitoa povu lina chokaa, na chokaa itapandisha pH ya maji (kipimo cha uasidi; ikipanda, uasidi umepungua) muda wote mpaka mboga zishindwe kunyonya madini ya chuma. Huku kwetu kipimo hicho ni cha lazima kwa sababu upande wa Songwe kuna miamba ya chokaa, ileile inayolisha kiwanda cha saruji, na kokoto za mchanganyiko zinauzwa mjini bila cheti cha kuzaliwa. Mawe mepesi yalikaa kimya. Kokoto nyeupe nilizopewa kama nyongeza zilichemka, nikazirudisha.

Juni. Saifoni

Kitanda kinatakiwa kijae maji kisha kimwagike chote, tena na tena, ili mizizi inywe halafu ipumue. Kuna wanaotumia saa ya umeme kuwasha na kuzima pampu. Mimi nimechagua saifoni, haina kitu cha kuungua.

Fundi bomba aliangalia mchoro kwa muda mrefu. "Bosi, hii bomba itajuaje kwamba muda wa kumwaga umefika?"

Tulimaliza asubuhi nzima tukijibu swali hilo kwa vitendo. Katikati ya kitanda kuna bomba la inchi moja limesimama, urefu wa sentimita 25, linapitisha maji kwenda tenkini. Juu yake limefunikwa bomba nene la inchi 3, limezibwa juu, na chini limekatwa meno. Maji yanapanda kitandani, yanafika mdomo wa bomba la ndani, yanaanza kufurika. Yakifurika kwa nguvu ya kutosha yanajaza bomba lote la kushukia na kusukuma hewa nje. Hapo mvuto unashika na kitanda kizima kinanyonywa. Maji yakishuka mpaka kwenye meno, hewa inaingia, mvuto unakatika, kitanda kinaanza kujaa upya.

Kero iko kwenye kasi. Pampu ikileta maji kidogo, yanatiririka tu kwenye bomba la ndani bila kuanzisha mvuto. Ikileta mengi mno, mvuto hauachi, maji yanashuka na kuingia kwa pamoja. Unakaa na koki unaongeza na kupunguza kwa robo ya mzunguko. Fundi ndiye aliyemaliza ubishi: aliweka elbo mbili, viungo vya kona, mwisho wa bomba la kushukia, chini kidogo ya kitanda. Elbo zinashikilia maji kidogo, hewa haipandi juu, na mvuto unaanza hata kwa maji ya polepole. Sasa anawaonyesha mafundi wenzake video.

Pampu ni ya wati 25. Usiku na mchana hizo ni uniti 0.6 kwa siku, uniti 18 kwa mwezi. Uniti 18 zinaonekana chache, ila mwenye nyumba aliye kwenye kundi la matumizi madogo, lile lisilotakiwa kuvuka uniti 75 kwa mwezi, apige hesabu kabla. Ukivuka unahamia bei nyingine, na hapo saladi yako inakuwa ghali kuliko ya hotelini.

Juni, mwishoni. Wasioonekana

Maji yapo, yanazunguka, samaki hawapo. Kazi ya sasa ni kukuza bakteria, na mgeni wa mambo haya asipoielewa hatua hii atanunua samaki ili aje kuwazika.

Samaki anatoa amonia kupitia matamvua na kinyesi. Amonia ni sumu. Kundi moja la bakteria, Nitrosomonas wakiwemo, linaigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi lingine, hasa Nitrospira, linaigeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo samaki anaivumilia na mboga inaipenda. Bakteria hawa hawanunuliwi sokoni Mwanjelwa. Wapo kwenye hewa na maji, unawawekea chakula na kuwasubiri. Chakula changu ni dagaa waliosagwa, nimewafunga kwenye soksi na kuitumbukiza tenkini waoze. Harufu ni suala la ujirani. Dawa za matone za kupimia niliagiza Dar es Salaam. Nalenga amonia ya miligramu 2 hadi 3 kwa lita, zaidi ya hapo bakteria wenyewe wanalemewa.

Maji ya bomba yana klorini, nayo inaua bakteria hao. Niliyaacha wazi yakirushwarushwa na pampu kwa siku mbili kabla ya kuweka chochote.

Kwenye nchi ya joto, hatua hii inakamilika ndani ya wiki 4 hadi 6. Bakteria hawa wanataka nyuzi 25 na kuendelea. Chini ya nyuzi 17 kasi yao inaporomoka. Kipimajoto changu asubuhi kinasoma 13. Amonia imepanda ikakaa palepale kama mgeni aliyepewa kiti. Nitriti hakuna kabisa.

Wazo la kwanza la kila mtu ni kuchemsha. Hesabu yake ni rahisi: kupandisha lita 650 kwa nyuzi 8 kunahitaji karibu uniti 6 za umeme, na usiku mmoja wa Julai unalila sehemu kubwa ya joto hilo. Rudia kila siku. Hapana.

Nilichofanya ni kupeleka kazi jikoni. Nimejaza mfuko wa neti mawe yaleyale mepesi, nimeuweka kwenye ndoo ya lita 20 yenye maji ya tenki, hita ndogo ya tangi la samaki wa mapambo ya wati 50, na pampu ya hewa. Kupandisha ndoo hiyo kwa nyuzi 12 ni chini ya theluthi ya uniti, na kuishikilia humo ndani ya nyumba ni kazi ndogo. Bakteria wanaishi juu ya jiwe, hawaelei ovyo majini, kwa hiyo ukihamisha jiwe umewahamisha wao. Ndoo itakuwa kitalu chao. Tenki litasubiri jua.

Julai. Makasha

Wakati samaki wanasubiri, saladi inafurahia. Baridi inayowalaza bakteria ndiyo saladi inayoitaka: nyuzi 15 hadi 22 mchana, usiku wa ubaridi. Rafiki yangu wa Dar es Salaam anapambana na maji ya nyuzi 30, mizizi inageuka kahawia na kuteleza kwa ugonjwa wa kuoza, saladi inakimbilia kutoa maua na kuwa chungu. Huku hatuna tatizo hilo hata moja.

Mfumo wa makasha unaitwa kwa jina la aliyeueneza, Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii. Unachukua kasha lenye kifuniko, unatoboa mashimo kwenye kifuniko, unaweka vikombe vyenye matundu, mche ndani yake. Siku ya kwanza maji yanagusa chini ya kikombe. Mche unakunywa, maji yanashuka, na nafasi inayobaki wazi inajaa mizizi laini inayovuta hewa yenye unyevu. Hiyo ndiyo siri ya kutohitaji pampu. Kwa sababu hiyo usijaze maji tena mpaka juu; ukizamisha mizizi ya hewa unauzamisha mche. Saladi moja inahitaji kama lita 4 kwa maisha yake yote. Makasha yangu ni yale ya kuhifadhia nguo, lita 25, miche sita kila moja, yamepakwa rangi nyeusi kisha nyeupe juu yake ili jua lisiyapikishe.

Mbegu naotesha kwenye vipande vya sponji ya godoro vilivyochanwa katikati, ndani ya trei yenye maji kidogo. Mche ukiwa na majani matatu au manne unahamia kikombeni na sponji yake.

Mbolea ndipo wengi wanapopotezwa na duka. Urea na CAN za mahindi hazifai, nitrojeni yake ipo sehemu kubwa katika hali ambayo inategemea bakteria wa udongoni. Kinachohitajika ni vitu vitatu vinavyoyeyuka kabisa: mbolea ya haidroponiki yenye fosforasi, potasiamu nyingi na madini madogomadogo (mfano wa namba zake za nitrojeni, fosforasi na potasiamu ni 4-18-38), kalsiamu nitrati, na chumvi ya Epsom (magnesiamu salfeti). Kwa lita 10 ni gramu 6, gramu 6 na gramu 3 kwa mfuatano huo. Kwa saladi mimi natumia theluthi mbili ya vipimo hivyo na inatosha. Yeyusha kimoja kimoja ndani ya maji mengi, kalsiamu iwe ya mwisho. Ukiichanganya kavu au kwenye maji machache pamoja na hivyo vingine, kalsiamu inashikana na salfeti na fosfeti, inatulia chini kama unga mweupe, na mche haupati kitu.

pH iwe kati ya 5.5 na 6.5. Watu wanashauri limau. Limau linashusha kweli, kisha baada ya siku chache vijidudu vinaila ile asidi na pH inapanda tena. Tone la asidi ya fosforiki linakaa.

Kwenye vifuniko nimeziba kila tundu lisilo na mche. Maji yaliyotulia ni hospitali ya wazazi ya mbu.

Agosti

Upepo, vumbi, jua kali mchana na baridi usiku. Nimejenga kitalu nyumba kidogo cha mbao na nailoni juu ya tenki na kitanda. Mchana ndani kunafika nyuzi 30, maji yenyewe yanapanda taratibu, asubuhi sasa yanasoma 16 badala ya 13. Saladi za kwanza zimeliwa. Zilichukua muda mrefu zaidi ya ule wa vitabuni lakini zilikuwa nzito na tamu. Jirani alipelekewa mbili, akarudisha sahani ikiwa na maparachichi. "Ndaga fijo," akasema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, kisha akaongeza kwamba bado anasubiri kuona samaki.

Ndoo ya jikoni imekamilika: unaweka amonia jioni, kesho yake haipo, nitriti haipo, nitrati imepanda.

Septemba. Sato au kambale

Mawe ya ndoo yametawanywa kitandani. Maji ya tenki yanafika nyuzi 20 mchana na bakteria wameshika kazi. Amonia ya tenki inapungua kila kipimo.

Mazungumzo ya samaki gani yamechukua mwezi mzima nyumbani. Shemeji yangu anafanya biashara ya mchele Kyela na ana msimamo: "Shemeji, samaki wanataka jasho. Walete kwangu Kyela, uje uwatembelee Krismasi." Kyela iko karibu na usawa wa Ziwa Nyasa, chini ya mita 600. Anachosema kuhusu joto ni kweli, hasa kwa sato. Sato anakua vizuri kwenye nyuzi 27 hadi 30, chini ya nyuzi 16 hivi anaacha kula, na ikikaribia 10 anakufa. Tena anazaliana ovyo tenkini mpaka unabaki na vijisamaki vya kidole.

Kuna na la mazingira. Sato si mwenyeji wa Ziwa Nyasa. Ziwa lile lina jamaa zake wa asili ambao sato akiingia anaweza kuzaa nao na kuwafuta, na ndiyo maana Malawi inakataza kumfuga. Mito ya Rungwe, Kiwira ikiwemo, inaishia huko. Mtu wa milima hii anayefuga sato karibu na mfereji anacheza na ziwa la watu wengine.

Nimechagua kambale. Ni mwenyeji wa maji yetu, anavumilia baridi kuliko sato ingawa naye hali vizuri chini ya nyuzi 18, na ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu. Hilo la mwisho ni bima. Kwenye usawa wa bahari, maji ya nyuzi 20 yanabeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita. Kwenye mwinuko wa Uyole yanabeba saba na kitu. Pampu ikisimama, sato anaanza kuhangaika ndani ya saa chache. Kambale anapanda juu, anapiga funda la hewa, anaendelea na maisha.

Oktoba. Vifaranga

Wameingia thelathini, wa gramu kama 10 kila mmoja, kutoka kwa mfugaji wa mabwawa wa huko chini. Walikuja kwenye mifuko yenye oksijeni. Mifuko ilielea tenkini kama nusu saa ili joto lilingane, kisha tukawa tunaingiza maji ya tenki kidogo kidogo. Usiwamwage moja kwa moja kutoka maji ya Kyela.

Thelathini si namba ya kubahatisha. Kwa mfumo mdogo usio na vichujio vya ziada, kilo 20 za samaki kwa lita 1,000 ndiyo mwisho wa usalama. Lita 650 ni kilo 13. Samaki 30 wa gramu 400 ni kilo 12.

Ila mwanzoni shida ni kinyume, samaki hawatoshi mboga. Kipimo cha FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kwa mboga za majani ni gramu 40 hadi 50 za chakula cha samaki kwa kila mita ya mraba kwa siku. Kitanda changu kinadai kama gramu 55. Vifaranga hawa wote pamoja ni gramu 300. Wakila asilimia 5 ya uzito wao ni gramu 15. Hizo zinalisha robo ya kitanda. Nimepanda hiyo robo tu, chainizi na figili, sehemu nyingine nimeiacha. Atakayejaza kitanda siku ya kwanza ataona majani ya njano na atasema akwaponiki ni uongo.

Neti juu ya tenki ni lazima. Kambale anaruka, na akitua sakafuni anatembea.

Novemba. Vidukari, pareto na madini ya chuma

Joto la mwaka liko kileleni, maji yanasoma 22 hadi 24, samaki wanakula kama watu wa msibani. Na vidukari wamekuja. Wamejaa chini ya majani ya chainizi, weusi kwa weupe.

Mama jirani alileta chupa. "Hii ni ya pareto mwanangu, ya asili kabisa, haina kemikali."

Nilimshukuru na kuiweka mbali. Pareto ni zao letu, kuanzia Umalila mpaka milima ya Makete na Mufindi, na kwa bustani ya udongo ni dawa nzuri, inavunjika upesi juani. Lakini kwa samaki ni sumu kali sana, kiasi kidogo mno kikidondoka majini kinatosha kumaliza tenki. Uasili wake haumsaidii kambale. Maji ya sabuni nayo yanaharibu matamvua. Kwa kitanda cha akwaponiki kinachobaki ni mkono, maji ya kunyunyiza kwa nguvu chini ya jani, kukata majani yaliyozidiwa, na kuwaacha bibi arusi, wale wadudu wekundu wenye madoa, wafanye kazi yao. Saladi za makasha ziko upande mwingine wa ua, hazichangii maji na samaki. Huko ndiko ile chupa ilikokwenda, siku isiyo na upepo.

Tatizo la pili ni majani mapya ya chainizi kuwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani. Ni upungufu wa madini ya chuma. Chakula cha samaki kina nitrojeni na fosforasi za kutosha ila chuma kidogo, na karibu kila mfumo wa akwaponiki unafika hapa. Msumari wenye kutu hausaidii, kutu haiyeyuki kwenye pH hii. Dawa ni chuma kilichofungwa, yaani kilichoshikwa na kemikali inayokifanya kibaki kimeyeyuka, aina ya DTPA, inayodumu mpaka pH ya 7 na kidogo. Kipimo ni miligramu 2 kwa lita. Kwa lita 650 na unga wenye asilimia 6 ya chuma ni gramu 22 hivi. Maji yanakuwa na rangi ya chai. Wiki iliyofuata majani mapya yalitoka ya kijani.

Desemba

Mvua zimeanza. Mvua ya mawe imechana nailoni upande wa mashariki, imeshonwa kwa gundi na utepe. Maji ya bati nayakinga kuongezea tenki. Ni laini, hayana chokaa, na hilo linaharakisha jambo ambalo lingetokea hata hivyo: bakteria wakigeuza amonia wanatoa asidi, na pH imeshuka kutoka 7.4 mpaka 6.5. Ikiendelea kushuka chini ya 6 bakteria wanapunguza kazi. Nimefunga maganda ya mayai yaliyosagwa kwenye soksi (nyingine, siyo ile ya dagaa) na kuining'iniza chini ya maji yanayorudi. Polepole inarudi 6.8. Kokoto za povu nilizozikataa Mei zingefanya kazi hiyohiyo kwa kiganja kimoja. Ubaya wake ni zikijaza kitanda kizima cha lita 300.

Umeme ukikatika usiku, pampu ya hewa ya wati 5 inajiwasha kwenye betri la volti 12 lenye Ah 20 (ampea-saa). Ukitumia nusu tu ya betri ili lisife mapema, ni saa 24. Kambale wenyewe wangevumilia. Hiyo hewa ni ya bakteria.

Januari

Samaki wakubwa wana gramu 150, wadogo hawajafika 60. Kambale wakipishana hivyo mkubwa anamla mdogo, na kila nikihesabu wanapungua, wako 26. Leo nimewatenganisha kwa kuweka wavu wa chuma katikati ya tenki. Chakula kinafika gramu 50 kwa siku, kwa hiyo kitanda kizima sasa kimepandwa: chainizi, figili, spinachi na mnanaa kidogo kwa ajili ya chai.

Kalenda ya mwaka unaofuata nimeipanga kwa baridi. Samaki wanaliwa au kuuzwa kuanzia Machi, mwisho wa Mei tenki liwe limebaki na wachache tu wa kulisha bakteria chakula kidogo. Juni mpaka Agosti kazi yote inahamia kwenye makasha, saladi na stroberi, bila kulazimisha kitu kwenye maji ya nyuzi 13. Ndoo ya jikoni inawashwa tena Julai. Vifaranga wapya Septemba mwishoni, wa gramu 20 badala ya 10, ili wapate msimu mzima wa joto.

Shemeji amepiga simu, anakuja Jumamosi na kilo tano za mchele wa Kyela. Ameshaniambia anataka yupi. Yule mwenye doa karibu na pezi.